Barua kwa mwanangu anayehama na lori

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko Marekani? Sisi hapa Makambako ni wazima, ila baridi imekaza. Mama yako kaniambia mnahama Denver kwenda Grand Junction, na lori la kukodi utaliendesha mwenyewe. Jana nimemnyang'anya mdogo wako simu karibu saa nzima, naitazama hiyo barabara yenu, I-70.

Denver penyewe ni mita 1,600 hivi. Mtapanda mpaka handaki la Eisenhower, kama mita 3,400. Hewa ya huko ni nyepesi, injini ya petroli inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Lori likianza kutambaa usiligombeze. Kaa njia ya kulia (ya kulia, usije na mazoea yetu ya kushoto!), washa hazadi, wenye haraka wapite.

Kazi iko kwenye kushuka. Ukitoka handakini tu mteremko unaanza kuelekea Silverthorne, kuna mahali unafika asilimia 7, na mbele bado kuna mlima wa Vail Pass.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari ya mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Nilikuwa utingo, tumepakia viazi vya Njombe kwenda Dar. Dereva wangu, Mungu amrehemu, siku hiyo alishuka na gia kubwa, mguu hautoki kwenye breki. Kona ya tatu nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Mara pedeli ikazama mpaka chini. Alilisugua lori ubavu kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Nikashuka mbio na dumu la maji, magurudumu yanafuka moshi; akanipokonya dumu. Ngoma ya breki ikiwa ya moto, ukiimwagia maji inapasuka. Tulikaa pale mpaka jioni tukisubiri zipoe, yeye hasemi neno.

Kwa hiyo gia ipunguze kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado juu. Hayo malori ya kukodi mengi ni otomatiki, ila usiliache kwenye D, gia ya kawaida ya kwendea. Shusha mpaka 3, ikibidi 2, injini ndiyo ilishike lori. Itanguruma, iache ingurume. Breki usiikalie: kanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue kama kilomita 10, achia kabisa zipoe, mwendo ukipanda tena rudia. Kumbuka mita ya mwendo ya huko inasoma maili, 40 yake ni kilomita 64.

Ukisikia ile harufu, tafuta mahali pa kuegesha upesi. Na breki zikikataa kabisa, kando ya barabara wamejenga njia za kokoto nyingi zinazopanda mlimani, kwa ajili ya malori yaliyoshindwa. Ingia. Usifikirie bili ya kuvutwa wala vyombo vya mwenye lori.

Mizigo mizito, friji na vitabu vyako, panga mbele karibu na kabini, chini, na ufunge kamba kila hatua ya kupakia. Godoro la mjukuu wangu liwe la mwisho kuingia, mtalihitaji usiku wa kwanza.

Mama yako anauliza kile kinu alichokutumia kitakaa wapi. Nimemwambia mbele, nyuma ya friji. Hajaridhika. Mpigie.

Baba yako