Mdogo wangu, kile kijiko bado nakisikia

Mdogo wangu,

Shangazi kaniambia. Shemeji ana mafua makali tangu jana asubuhi, homa haishuki, mwili wote unamuuma, na wewe umempigia simu ukamuuliza, "Kwani dada alifanyaje wakati ule mama anaumwa?" Umemuuliza shangazi. Namba yangu unayo, haijabadilika. Basi nakujibu hapa, maana najua hapa huwa unapita usiku, unasoma na kuondoka bila hata hodi.

Kwanza la haraka. Wewe usimuuguze. Una mimba ya miezi sita, na virusi vya mafua vikimpata mjamzito huweza kumlemea mapafu kuliko mtu mwingine. (Ah, nimelisema hadharani na bado hujawatangazia watu. Niongezee kwenye makosa yangu.) Mpigie daktari leo hii, mwambie una mimba na umelala kitanda kimoja na mgonjwa. Dawa za mafua zipo, na husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo usikae kusikilizia. Hizo antibayotiki za shangazi achana nazo, haziui virusi.

Shemeji apate chumba chake. Mwenye mafua huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajijua, kisha huendelea siku tano hadi saba, na zile za mwanzo ndizo kali. Huenda umeshaambukizwa, huenda bado. Jikinge kana kwamba bado. Anayemhudumia awe mmoja. Akitoka kwenda chooni avae barakoa, na anayeingia kwake avae pia. Mikono, sabuni na maji, sekunde 20: virusi hivi vina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja. Na dirisha liwe wazi.

Dirisha. Najua hapo umeguna.

Siku mbili za mwanzo za ugonjwa wa mama, ile 2021, nilikuwa mjinga kuliko wewe. Nilipangusa vitasa, swichi na rimoti kwa klorini mpaka vidole vikachubuka, huku madirisha yote nimeyafunga ili mama asipigwe na baridi. Korona inaelea hewani chumbani, mimi nasugua kitasa! Siku ya tatu daktari akaniuliza kwenye simu, "Hewa inatokea wapi humo?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kufungua. Siku ya nne ukaja wewe, ukalifunga, ukavua barakoa, ukakaa kitandani kwa mama na kumkumbatia. Nikakuvuta mkono mbele ya watoto. Kwa huo mkono nakuomba radhi. Kwa dirisha, hapana.

Baba na kisukari chake alikuwa chumba cha pili. Hakuambukizwa. Utasema ni Mungu. Ni kweli, ni Mungu. Lakini dirisha nililifungua mimi, na usiku niliamka mimi.

Hayo yote hukuwasimulia watu. Uliwasimulia kijiko.

Nilikuwa naweka sinia juu ya kiti nje ya mlango, mama anachukua, na akishamaliza anairudisha na kuufunga mlango, halafu anaugonga kwa kijiko mara mbili. Mimi nangoja kitanda kilie, nijue ameshalala, ndipo nasogea. Jioni ile, tulipokwisha kugombana na wewe bado umesimama ukumbini, mama akagonga mara mbili. Kitanda hakikulia. Sauti yake ikatoka pale pale nyuma ya mlango: "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nami nikageuka nikaondoka. Ndivyo ulivyoona, na ndivyo ulivyosema ukoo mzima: mama anauliza, dada anampa mgongo, kamfungia kama mwizi.

Sasa sikia ambalo hukuliona. Barakoa yangu ilikuwa imelowa chapachapa kwa machozi. Barakoa ikilowa haikingi sawasawa, sharti ubadilishe. Nilikwenda kubadilisha. Niliporudi kitanda kilikuwa kimeshalia na wewe umeshaondoka. Habari yote ndiyo hiyo. Nimeirudia kichwani mara nyingi mno, kiasi kwamba siku nyingine najiuliza kama kweli nilifuata barakoa.

Mama alipona. Hajawahi kuniuliza tena. Ningependa aniulize.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba dharura ya korona imekwisha, nilikuandikia ujumbe mrefu. Nikaufuta. Nilikuwa nimekuandikia kwamba na wewe uliumwa wiki ile iliyofuata, wewe na jirani yako, na kwamba hukutuambia, tulisikia kwa watu. Sijui kwa nini nalirudia hapa. Ulikuwa unampenda mama, hilo sijawahi kulikana. Mimi je, nilikuwa nafanya nini pale mlangoni siku kumi?

Haya. Mtazame shemeji anavyopumua. Akihema kwa shida hali amelala tu, kifua kikimbana, akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, midomo ikibadilika rangi, mpeleke hospitali usiku huo huo. Au homa ikishuka, akapata nafuu, kisha ikarudi kwa nguvu na kikohozi kikazidi, hapo napo usingoje. Na wewe ukipata homa, hata ndogo, usinifiche kama ulivyotuficha wakati ule.

Kesho asubuhi nakuja. Nimechanjwa chanjo ya mafua, nitamuuguza mimi, wewe utakaa chumba cha mbele na dirisha lako. Hatutazungumza ya zamani kama hutaki. Usiku huu, kabla sijafika, akikuita kutoka nyuma ya mlango muitikie. Mlango wa nyuma usiutie komeo.

Dada yako