Barua kwa Mwanangu Kuhusu Zebaki ya Maabara

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Huku Wete hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Nimefurahi kusikia umekabidhiwa maabara ya skuli, lakini vile vipimajoto vya zamani vyenye zebaki, ile metali ya majimaji inayong'aa, ulivyovikuta kabatini vimenitia wasiwasi, kwani ipo siku kimoja kitamponyoka mwanafunzi, na mtu wa kwanza kuona atakimbilia ufagio. Uuzuie ufagio huo. Zebaki ikifagiliwa hutawanyika vitone vidogo mno, vikajificha kwenye nyufa za sakafu na kuendelea kutoa mvuke usio na rangi wala harufu, na mvuke huo ndio unaodhuru ubongo na mafigo.

Watoe watoto kwanza, na kila aliyekuwa karibu akaguliwe viatu asije akaitembeza skuli nzima. Zima feni, funga mlango wa ndani, fungua madirisha ya nje. Vua pete yako ya fedha, maana zebaki hushika fedha na dhahabu, kisha vaa glavu. Ukishaokota vioo, visukume vitone polepole kwa karata mbili, kutoka pembezoni kuja kati; vikigusana huungana vyenyewe, nawe utavivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Kisha zima taa, laza tochi karibu na sakafu, utaona hata kitone kilicho kama punje ya ufuta kinang'aa. Hicho kinase kwa tepu. Wapo wanaonyunyiza unga wa salfa na kudhani kazi imekwisha, nami sikubaliani nao: salfa husaidia penye nyufa, haiokoti.

Vyote, pamoja na glavu na karata, vitie katika chombo chenye kifuniko cha kukaza. Usimwage kitu kwenye sinki, kwa kuwa zebaki ikifika baharini hugeuka sumu inayojikusanya katika samaki wakubwa kama papa na jodari, na watu wa Minamata, Japani, waliugua na kufa kwa kula samaki wenye sumu ya namna hiyo. Maradhi yao yalitambuliwa mwaka 1956.

Haya ni ya kipimajoto kimoja, chenye gramu chache tu. Ikimwagika chupa nzima usiiguse: ondokeni, funga mlango, uwapigie Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Wao hao uwaulize tangu sasa pa kuvipeleka vilivyomo kabatini, na umwombe mwalimu mkuu akununulie vya spiriti.

Wasalaam,
Baba yako