Risala ya Wafanyakazi wa Majumbani kwa Mgeni Rasmi, Juni 15, 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Ndugu Afisa Kazi. Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Waajiri wetu mliokubali kuja kukaa nasi leo. Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zetu.

Kwanza tunakushukuru kwa kuja. Siku yetu hasa ni kesho, Juni 16, tarehe ambayo mwaka 2011 kule Geneva ulipitishwa Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Tumeiadhimisha leo kwa sababu kesho ni Jumatatu. Jumatatu baba anawahi kazini, mama anawahi kazini, mtoto anatakiwa kuwa getini saa kumi na mbili kasoro kusubiri basi la shule, na anayewaamsha wote ni mmoja wetu. Jumapili ndiyo siku tunayoweza kuomba ruhusa, na hata leo wapo wenzetu sita ambao hawakuipata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2019 na wanawake saba waliokuwa wakikutana kwenye genge walipotumwa nyanya na vitunguu. Leo tuko 43: dada wa kazi, yaya, wapishi, wafuaji wa nguo wa kutwa, na kaka watano wa bustani na geti. Wengi tumetoka Iringa, Njombe, Singida, Dodoma na milima ya Lushoto. Tunaweka hisa ya shilingi 2,000 kila wiki, na sanduku letu lina funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti. Kwa fedha hizo tumezikana, tumesafirishana kwenda misibani, na tumenunua vyerehani viwili ambavyo utaviona nje baada ya chakula.

Tunaomba jambo dogo kabla hatujafika kwenye kubwa. Mtaani tunaitwa beki tatu. Wanaotuita hivyo hucheka, na watoto tunaowalea hujifunza. Sisi ni wafanyakazi wa nyumbani. Tunaomba viongozi mtusaidie kulizoesha jina hilo kwenye mikutano yenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hii tumeiandika kwa ajili ya mshahara.

Mei Mosi mwaka huu wengi wetu tulimsikiliza Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan kwa redio ya jikoni. Pale Singida alitangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Katika nyumba ya bosi wa mwenzetu mmoja, ambaye ni mtumishi wa Serikali, vilipigwa vigelegele, na mwenzetu akapiga pamoja nao. Tunasema kwa moyo mweupe: tulifurahi. Kiwango kile kiliwastahili.

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao tukafanya hesabu. Nyongeza peke yake ni shilingi 130,000. Kima chetu sisi, mshahara mzima wa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, ni shilingi 60,000. Kile alichoongezewa mtumishi wa chini kabisa wa umma kinazidi mara mbili ya chote anachopaswa kulipwa anayemwachia mtoto wake na funguo za nyumba.

Kiwango hicho kimewekwa na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Kabla yake, tangu Julai 2013, kilikuwa shilingi 40,000. Tunaomba Mgeni Rasmi uione hiyo miaka: tisa na nusu bila kuongezwa hata shilingi moja, wakati unga, mafuta ya kupikia na sabuni, ambavyo ni sisi tunaotumwa dukani kuvinunua, vilipanda mbele ya macho yetu.

Amri hiyo imetugawa mafungu manne. Anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, 250,000. Kwa afisa mwenye stahili ya kupewa mtumishi wa nyumbani, 200,000. Asiyelala kwa mwajiri, 120,000. Waliobaki wote, 60,000, na sisi karibu wote ndio waliobaki. Fungu linafuata cheo cha unayemfanyia, halifuati kazi. Deki ni ileile, mtoto analia vilevile usiku.

Kuhusu hilo fungu la asiyelala kwa mwajiri, tulichukua mfano wa mwanachama wetu anayetoka Mbagala kwenda Mikocheni. Anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 600 kila moja kwa uchache. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 ni 62,400. Zaidi ya nusu ya kima chake inaishia kwa konda. Bado hajala mchana, hajalipa chumba.

Wanaotetea hizo 60,000 za anayelala kwa mwajiri husema, "Lakini anakula bure na kulala bure." Ni kweli tunakula, na wapo waajiri wanaotulisha mezani pamoja na watoto wao, Mungu awabariki. Ila wali tuliokula Mikocheni haulipi sare ya mdogo wetu aliyebaki Kilolo. Haununui dawa ya presha ya mama. Na kulala kwenyewe, Mheshimiwa, ni sehemu ya kazi. Anayelala kwa mwajiri ndiye anayefungua geti saa sita usiku na ndiye anayeamka saa kumi na moja kuchemsha maji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki. Wengi wetu saa hizo zinaisha Alhamisi asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlezi wetu, ambaye ndiye mkubwa kuliko sote hapa, ametuomba tukusimulie habari ya Mei 2010. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilikuwa inadai kima cha chini cha shilingi 315,000 na mgomo ulikuwa umetangazwa. Mei 3, Rais Jakaya Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, akasema Serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho, hata kama wafanyakazi watamnyima kura zao. Familia ambayo mlezi wetu alikuwa akiitumikia ilijaa sebuleni mbele ya televisheni. Baba mwenye nyumba, mtumishi wa umma, alikasirika hadi akasimama. Mama alimtuliza. Mlezi wetu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akisikiliza kila neno, akingoja mahali atakapotajwa. Alikuwa akilipwa 25,000. Taarifa iliisha, akarudi jikoni kuendelea na mboga.

Tangu siku hiyo ametuambia mara nyingi kwamba mabishano ya kima cha chini katika nchi yetu huanzia sebuleni na kuishia sebuleni. Leo tumeyaleta jikoni, na tumegundua kwamba huku yana ugumu wake.

Katika kikao chetu tulitaka kukuandikia kwamba tunaomba kima chetu kiwe 150,000. Wengi walinyoosha mikono. Kisha akasimama dada mmoja, mpole sana, hata huwa haongei. Akasema bosi wake ni mwalimu wa shule ya binafsi, na kima cha chini cha walimu wa shule hizo kwa amri ileile ni shilingi 207,000. "Mama yule ni mjane ana watoto wawili," akasema. "Ananilipa sabini na hachelewi. Mkisema laki na nusu, ataniaga huku analia, watoto atawapeleka kituo cha kulelea watoto, na mimi nitarudi Makete." Ukumbi ulinyamaza. Hatukuwa na la kumjibu siku ile, na ombi la 150,000 tuliliondoa kwenye karatasi.

Tumelitafakari neno lake wiki tatu. Tuliloona ni hili: mshahara wetu unatoka ndani ya mshahara wa mfanyakazi mwingine. Mjane yule hamdhulumu mwenzetu, naye anabanwa vilevile. Kwa hiyo hatutaki kupandishwa sisi peke yetu kama kwamba tunatengana na mlinzi, mwalimu wa shule ya binafsi, mhudumu wa hoteli na kibarua wa kiwandani. Amri ya sekta binafsi ikipanda, ipande kwa wote, ili anayetulipa awe na cha kutulipa.

Tuliona pia kwamba kinachomtisha mwajiri mdogo ni mruko wa ghafla. Amri za mishahara zilitoka mwaka 2007, 2010 na 2013, kila baada ya miaka mitatu. Kisha kimya hadi 2022. Ukimya mrefu namna ile humuumiza mfanyakazi kwanza, na ukivunjwa kwa kishindo humuumiza mwajiri. Mtu anaweza kuongeza elfu tano au kumi kwa mwaka bila kumfukuza dada wa watu. Hesabu ya miaka mitatu inaangukia Januari 2026. Tunaomba, kupitia kwako, Waziri mwenye dhamana ya kazi na Bodi ya Mishahara ya sekta yetu wasiipitishe tarehe hiyo, na watakapokaa wawaite pia wafanyakazi wa majumbani wenyewe wakaeleze, wakiwa na wenzetu wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, maana sisi tunajua bei ya nyanya kuliko mtu yeyote katika nyumba hizi.

Lakini wapo waajiri, Mheshimiwa, ambao si wajane wala walimu wadogo. Wana magari matatu uani na wanalipa elfu hamsini, chini ya amri. Kwa hao hatuna huruma ya hesabu. Tunachoomba kwao ni sheria ifike getini.

Hapo ndipo penye tatizo letu kubwa kuliko hata kiwango. Afisa Kazi anaweza kuingia kiwandani akakagua daftari la mishahara. Nyumbani kwa mtu, atagonga geti lipi? Wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi. Mwenzetu mmoja alifukuzwa saa tatu usiku kwa sababu ya vyombo vilivyovunjika, mshahara wa miezi miwili haukulipwa, akalala kwa mlinzi wa jirani. Alipopata nauli na mtu wa kumwelekeza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zile siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi zilikuwa zimepita. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwa hiyo tunaomba Ofisi yako ielekeze Serikali za Mitaa zitunze nakala ya mkataba wa kila mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa, ukurasa mmoja tu: jina, umri, mshahara, siku ya mapumziko, namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mwenyekiti wetu wa Mtaa amesema yuko tayari kuanza. Umri tumeuweka kwa makusudi. Kesho ni Siku ya Mtoto wa Afrika pia, na kati yetu hapa wapo walioanza kazi hii wakiwa na miaka kumi na moja, wakipandia kiti jikoni ili wafike kwenye sinki.

Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, tutasema kwa kifupi. Tungependa kuomba ule wa wanawake kwa ajili ya vyerehani vinne zaidi na chumba cha kushonea, ili dada anayerudi Makete arudi na ujuzi. Tumekwama kwenye anwani, kwa kuwa wengi wetu tunaishi kwa waajiri. Tunaomba Afisa Maendeleo ya Jamii atuongoze.

Kwenu waajiri mliopo hapa. Mmekuja mkijua tutasema haya, na mmoja wenu amechangia soda zote za leo. Baadhi yenu mmetukata kiburi cha kudhani kila bosi ni mbaya. Tunawaomba mwezi Julai, wale mtakaoona mshahara umeongezeka kwenye simu zenu, mtuite sebuleni mtuambie, na tuzungumze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Oktoba ni uchaguzi mkuu. Wagombea wa vyama mbalimbali watapita mitaa hii wakigonga mageti. Atakayefungua ni mmoja wetu. Tumekubaliana katika kikundi kwamba kila mmoja, kabla ya kwenda kumwita baba au mama, atamuuliza mgombea kwa adabu kama anajua kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani ni kiasi gani. Tutayaandika majibu kwenye daftari la kikundi na kuyasoma hapa mwakani.

Tumemaliza. Wengi tuna ruhusa hadi saa kumi na moja, chakula cha usiku kinatungoja kukipika. Tunakuomba utujibu mapema, kabla ya keki na picha, ili asiwepo atakayeondoka bila kusikia.

Tunaomba kuwasilisha.