Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Maua ya Juni Yamekuja Mei

Ndugu wanachama, habari za huko majumbani. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka. Mambo ya pesa mweka hazina atayasoma mwenyewe kwenye mkutano, mimi naongelea maua maana ndo yaliyotukutanisha huku Leeds.

Majira ya kuchipua ya 2025 yalikuwa na joto na jua kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Uingereza, mvua nayo kiduchu, kwahiyo vile tulivyozoea kuviona Juni wengi mliviona Mei. Waliopanga kualika watu bustanini katikati ya Juni wakakuta pioni, yale maua makubwa ya bustanini, zimeshapukutika, poleni sana.

Kuhusu hizo pioni tuelewane jamani. Wale sisimizi kwenye matumba wanafuata majimaji matamu yanayotoka nje ya tumba, hawali ua wala hawalizuii kufunguka, sasa mtu anakimbilia dawa ya kupuliza ya nini? Na nyie mnaolalamika kila mwaka mnapata majani matupu, fukueni kidogo pale kwenye shina muone yale macho mekundu ya chipukizi, yakizama zaidi ya sentimita 5 hapo ua utalisikia kwa jirani. Lakini msiiguse saa hizi, subirini Oktoba ndo muinyanyue.

Foksglavu, lile ua refu la kengele, nayo imeleta maneno, eti haitoi maua, mbegu mbovu. Si mbovu, mwaka wa kwanza inatoa majani tu, wa pili ndo inarefuka na kutoa zile kengele zambarau zenye madoadoa ndani, nyuki anazama mzimamzima. Ila mmea wote ni sumu, inagusa moyo, na hili nalikazia kwasababu mama mmoja aliyaona yale majani mapana akaniuliza yanaungwa na karanga au nazi. Tafadhali, isikae karibu na mchicha wenu.

Walionifurahisha ni wenye bustani za kivuli waliopanda impeshensi, ile miche ya maua inayouzwa kwenye vitrei kila Mei. Wengi hawajui kwamba hilo ua ni la kwetu Afrika Mashariki, John Kirk akiwa konsuli, yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza, Zanzibar karne ya 19 ndo alilituma huku, likaitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, siku hizi ni Impatiens walleriana. Leo tunalinunua kwa pauni, haya. Watoto wanalipenda maana tunda likiiva ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Mkiona unga mweupe chini ya jani ni ukungu, ng'oeni tupeni, na msirudie palepale mwakani.

Tarehe 11 Julai ikaja marufuku ya mpira wa kumwagilia huku Yorkshire. Keni, lile kopo la mkono la kumwagilia, iliruhusiwa, na maji ya kuoshea mboga yalitosha kabisa kwa mawaridi, hasa kwa waliokuwa wanakata maua yaliyonyauka ili yachanue tena. Wasiokata walipata mara moja wakaishia hapo.

Kwenye mkutano kila mtu aje na mbegu alizovuna, ziwe kavu, kwenye bahasha ya karatasi sio ya nailoni, aandike jina na rangi. Nafasi ya katibu iko wazi, anayeitaka anipigie kabla ya siku hiyo.