Mashine ikikosea, kwa nini mteja ndiye alipe?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mabenki yetu juu ya pesa zinazokatwa kwenye akaunti wakati mashine ya ATM haijatoa hata noti moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Makambako. Pensheni yangu inapitia benki, na siku za pensheni na mishahara foleni kwenye tawi letu hufika hadi barabarani. Ndiyo maana mwezi ule nilikwenda kutoa kwenye mashine ya benki nyingine, jirani na soko. Niliingiza kadi, nikaandika laki mbili. Nilizisikia noti zikihesabiwa mle ndani kabisa. Kisha kioo kikaandika kwamba huduma haipatikani, kadi ikarudi, risiti haikutoka. Kabla sijageuka simu ikalia: umetoa shilingi 200,000, na makato yake juu.

Kwenye benki yangu niliambiwa mashine si yao, niende kwa wenye mashine. Wenye mashine wakasema kadi si yao, nirudi kwenye benki yangu. Niliporudi nikapewa fomu nijaze. Nikaomba nakala yake, hakuna. Nikaomba namba ya malalamiko, nikaambiwa nisubiri tu, hela itarudi yenyewe. (Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake, simlaumu, alisema alichoagizwa kusema.) Namba ya huduma kwa wateja nayo inapiga muziki hadi salio la simu linakwisha.

Lililoniuma zaidi ni hili. Ili kuthibitisha kwamba sikupata pesa, nilitakiwa kuleta taarifa ya akaunti, na taarifa hiyo hiyo benki ikanikata hela kwa kuichapa. Yaani kumbukumbu ni zao, kosa si langu, na gharama ya kulionyesha kosa nibebe mimi. Mwezi ukapinduka, ada ya kadi ikakatwa kama kawaida, laki mbili zangu bado ziko hewani. Wakati huo nilikuwa na dawa za presha za kununua, na mjukuu anasubiri nauli ya kurudi shuleni. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha vikoba, kwa riba.

Sikubali kwamba kazi hii inahitaji wiki nyingi. Mashine hufungwa hesabu: noti zilizowekwa, zilizotoka na zilizobaki. Laki mbili ambazo hazikutoka lazima zionekane kama ziada siku mashine inapohesabiwa. Na siku hizi Benki Kuu ina mfumo wa TIPS, unaohamisha pesa kutoka benki moja kwenda nyingine, au kwenda kwenye simu, papo hapo. Kama pesa inaweza kuvuka benki kwa sekunde inapotoka kwangu, inashindwaje inaporudi?

Hatimaye ilirudi. Ilirudi laki mbili kamili. Makato ya kutoa pesa ambayo sikuitoa hayakurudi, wala gharama ya ile taarifa. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni ada ya huduma. Huduma ipi?

Wenzangu wengi wakifika hapo huacha. Mama mmoja tunayesali naye aliacha kudai elfu thelathini zake kwa sababu nauli ya kufuatilia ingezimaliza. Benki zinajua kwamba wengi tutachoka.

Ninachoomba kinawezekana. Mteja akilalamika apewe namba na tarehe ya kujibiwa, kwa maandishi. Makato yote yaliyotokana na kosa la mashine yarudishwe pamoja na pesa, bila mteja kuomba. Jedwali la ada libandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo macho ya mzee yanaweza kusoma. Benki Kuu nayo, ambayo tangu 2019 ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha na inapokea malalamiko ya mteja asiyeridhika na majibu ya benki yake, izilazimishe benki kutangaza njia hiyo katika kila tawi. Mimi niliijua kwa kuambiwa na mstaafu mwenzangu, si na benki.

Barua yangu ya kudai yale makato iko mezani kwa meneja wa tawi. Asiponijibu, nakala yake inakwenda Benki Kuu.

Mwalimu mstaafu,
Makambako, Njombe