YAH: HADINA MBOVU YA RANGI, NA KIFUNIKO CHA VESPA YANGU KILICHOKWARUZWA NA MUUZAJI WENU

Kikwajuni, Unguja
12 Machi 2025

Kwa Meneja,
Duka la Rangi za Magari na Pikipiki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Bwana Meneja,

Assalaam aleikum. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia nikiwa nimefunga, na nimengoja mpaka baada ya sala ya adhuhuri ili nisije nikaandika neno nitakalolijutia. Simu zangu tatu hazikupokewa. Ya nne ilipokewa, nikaambiwa "ngoja mzee", simu ikawekwa juu ya meza, nikabaki nasikiliza watu wakipimiwa thina mpaka salio likakatika. Ndiyo maana nashika kalamu.

Masharti ya kurudisha fedha yaliyochapwa nyuma ya risiti ni yenu, sina haja ya kuwasomea. Nilinunua kwenu klia, ule mpako wa juu unaong'arisha rangi, na hadina, dawa inayochanganywa na klia ili ikauke iwe ngumu, tarehe 8 Februari, nikarudi dukani kwenu tarehe 20. Hesabuni siku wenyewe.

Kopo la hadina mliloniuzia lilikuwa limekwisha muda wake tangu Juni 2023. Dukani sikuliona hilo, kwa sababu juu ya tarehe mlibandika karatasi yenu ya bei. Ilibanduka nyumbani thina ilipoidondokea. Nilipoanza kumimina, hadina ilitoka vizuri, nyepesi. Ukungu na ule uji uliotuama niliuona nilipofika chini ya kopo, klia imeshapigwa. Kila anayepiga rangi katika pwani hii anajua kuwa hadina na unyevu havikai pamoja. Kopo likishafunguliwa mara moja na kurudishwa rafuni, hewa yetu inaimaliza humo humo ndani. Sasa naomba nijibiwe: nani alilifungua kopo langu kabla yangu?

Muuzaji wenu alinijibu kwamba nimekosea vipimo kwa kuwa nafanyia kazi nyumbani. Bwana Meneja, Vespa hii ni PX 150, aliiacha marehemu baba yangu, na haina tangi la oili. Oili yake nachanganya mwenyewe kwenye petroli, mililita 20 kwa kila lita moja, na nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita bila kuunguza pistoni hata moja. Mtu huyo ndiye ashindwe kupima klia vikombe viwili kwa hadina kikombe kimoja, wakati kipimo kimeandikwa ubavuni mwa kopo? Nilimwagia maji sakafu ya banda vumbi lilale. Nilitandaza nailoni pande zote nne. Nilivaa barakoa ya vichujio, maana hadina si kitu cha kuvuta puani. Nilipiga koti la kwanza, nikangoja dakika 15, nikapiga la pili. Kesho yake kidole kinaacha alama. Siku ya nne bado inanata, mbu wamegandamana juu yake. Nikanunua kopo dogo la hadina Darajani hapa Unguja, nikachanganya na klia ile ile yenu iliyobaki, nikapiga kwenye kipande cha bati. Asubuhi kimekauka, kigumu kama kigae. Kwa hiyo klia yenu haina lawama, na mkono wangu hauna lawama.

Siku hiyo ya tarehe 20 nilipanda boti ya asubuhi. Nilikuja na kifuniko cha injini, kile cha upande wa kulia, nimekifunga ndani ya kanga ya mke wangu, na njia nzima nimekipakata magotini ili kisiguse kiti. Nilitoa salamu, nikakiweka kauntani, nikaeleza kwa upole. Kijana wenu, mwenye fulana ya duka, hakukitazama hata kidogo. Akasema, "Mzee, hii plastiki. Plastiki ina praima yake, sisi hatuhusiki." Nikamwambia ni bati. Akasema skuta zote ni plastiki. Nikamwambia Vespa imetengenezwa kwa bati la chuma tangu ya kwanza ilipotoka kiwandani Italia mwaka 1946. Hapo akachomoa ufunguo mfukoni na, bila kuniomba ruhusa, akakikwaruza kifuniko changu mbele ya watu ili anioneshe plastiki. Ufunguo ukapita kwenye klia, ukapita kwenye rangi, ukapita kwenye praima iliyo chini ya rangi, ukasimama kwenye chuma, kikang'aa. Akakitazama. Akasema, "Basi ni bati," akamgeukia mteja mwingine.

Hakuniomba radhi. Nilipomtaka meneja, niliambiwa bosi yuko juu na hashuki kwa habari ya kopo moja.

Labda huko juu mtasema klia ilikuwa bichi na ingebidi iondolewe tu, basi mkwaruzo una hasara gani. Nitakujibu kama ninavyomjibu mtu anayeijua rangi. Klia isiyokauka inafutika kwa thina na mkono wa taratibu, na mwenye subira anaweza kuiokoa rangi ya chini. Chuma kilichofika hewani hakiokoki kwa thina. Mimi nakaa kisiwani. Boti ilipofika bandari ya Malindi hapa Unguja jioni ile, ule mstari wa ufunguo ulikuwa mweupe. Siku ya tatu ulikuwa mwekundu. Kutu kama hiyo ndiyo niliyopigana nayo miezi mitatu kabla ya kupiga rangi. Sakafu ya Vespa ilikuwa imeliwa mpaka unaiona ardhi, nikaikata, nikachomelea bati jipya, nikapiga msasa wa 80, wa 240, wa 400 kwa maji, nikaziba kwa puti, nikapiga msasa tena. Injini niliiteremsha mwenyewe, nikabadilisha sili zote mbili za kranki, nikasafisha karbureta, nikapitisha waya mpya za gia na za klachi. Katika kazi yote hiyo, kitu pekee kilichokataa ni kile nilichonunua kwenu.

Na kuna jambo ambalo kijana wenu hakulijua, wala hakuuliza. Kwenye kifuniko hicho, juu ya rangi ya kijani cha bahari, umepita mstari mwembamba wa krimu. Mstari huo alichora binti yangu kwa mkono, kwa brashi ya nywele, usiku mbili, amepiga magoti na tochi mdomoni kwa sababu umeme ulikatika. Babu yake alikuwa akimbeba kwenye Vespa hiyo kumpeleka chuoni. Ufunguo ulipita katikati ya mstari ule.

Nitalisema tena, kwa sababu kila nikilala nalirudia. Alichomoa ufunguo. Nilinyoosha mkono nikasema, "Kijana, taratibu," naye akausukuma mkono wangu kwa kiwiko. Akakwaruza, si kidogo kama mtu anayejaribu kitu, bali shubiri nzima, kutoka juu mpaka chini. Mafundi wawili waliosimama pale wakicheka waliacha kucheka. Mmoja wao, Mungu amlipe, akasema, "Sasa hivyo umefanya nini?" Kanga ya mke wangu ilianguka chini, na kijana huyo akiwa anazunguka kaunta kumpimia mtu rangi akaikanyaga kwa kiatu. Niliinama nikaiokota mwenyewe. Nina umri wa miaka 58. Tangu naingia dukani kwenu mpaka natoka sikusikia "shikamoo" wala "pole".

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai kitu kimoja tu: shilingi 96,000 za klia na hadina, kama masharti yenu yanavyosema. Nimeandika mpaka hapa, naona hazitoshi. Nataka fedha hizo, na nauli yangu ya boti ya kwenda na kurudi. Nataka praima, rangi na klia ya kurudia kifuniko hicho tangu kwenye chuma. Kwa kuwa kijani cha leo hakitafanana na kijani cha mwezi uliopita, maana rangi inayochanganywa mara ya pili hailingani kabisa na ya kwanza, nataka vifaa vya kurudia Vespa nzima. Na hadina ije kwenye kopo lililofungwa kiwandani, tarehe yake inasomeka, halina karatasi juu.

Tena nataka kijana huyo aombe radhi. Asiniombe mimi kwa simu. Apande boti aje Kikwajuni amwombe radhi binti yangu, akiwa ameushika mkononi ufunguo ule ule. Kama hawezi kuja yeye, uje wewe uliyekuwa juu.

Nawapa mpaka tarehe 26 Machi. Nilitaka Vespa itoke kwa sala ya Idi, na hilo haliwezekani tena, masika yenyewe yanabisha hodi na hakuna atakayepiga klia kwenye mvua. Ikifika tarehe 27 sijapata jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ofisi wanayo huko huko Dar es Salaam, na nakala nitaipeleka Shirika la Viwango, TBS, waje wakague rafu zenu kopo kwa kopo na wabandue karatasi zenu za bei. Wenye Vespa Unguja tunafahamiana, na wengi tunanunua rangi ng'ambo hiyo ya bahari. Mpaka sasa sijawatajia jina la duka. Siku hiyo nitalitaja.

Nimeambatisha picha sita: risiti, kopo likiwa na karatasi yenu, kopo karatasi ikiwa imebanduka, kile kipande cha bati kilichokauka, mkwaruzo siku ya kwanza, na mkwaruzo siku ya tatu. Kopo lenyewe sitawatumia. Limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na liko kabatini, na litatoka siku litakapohitajika na mwenye mamlaka ya kulitazama.

Wako,
Mteja mwenye risiti ya tarehe 8 Februari 2025