Barua kwa mwanangu: injini uliyoirudisha kabatini

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Huku wote wazima. Baba yako anakusalimu. Vuli imeanza kabla fundi wa paa hajarudi, kwa hiyo ndoo ziko sebuleni kama kila mwaka. Hayo tuyaache, nakuandikia kuhusu ile injini ya ndege yako ndogo ya mfano.

Nimeifungua. Najua nilisema haitaguswa mpaka urudi mwenyewe uone ulivyoiharibu. Nimeifungua yote mpaka krenki, ule mhimili wa chini unaozungusha propela, imetoka, na nilichokikuta ndani ndicho kilichonikalisha niandike barua. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujifichia.

Unaikumbuka ile Idi. Uliitoa kabatini, ukashika propela, ukaizungusha taratibu, ikasaga kama kinu kilichoingia mchanga. Nikasema mbele ya shangazi zako kwamba umeiua kwa uvivu, kwamba mjomba wako aliibeba kwenye begi la mkononi toka Dubai, na wewe hata kuipangusa hukuweza. Hukunijibu. Uliifunga kwenye kitambaa chake ukairudisha. Tangu siku hiyo hujataja ndege ndani ya nyumba hii.

Sasa sikiliza. Nilianza juu, kwenye kichwa cha silinda, nikitarajia uozo. Nikakuta pistoni safi, ringi inacheza vizuri kwenye mfereji wake, ukuta wa silinda unang'aa kama kijiko. Ugando wa kahawia wa mafuta ya mbarika ulikuwepo, lakini huo ni wa kawaida. Nikajiambia, kumbe haijafa. Nilipofika chini, kwenye beringi kubwa ya nyuma ya krenki, kutu ilinichafua vidole. Ile nyekundu kabisa, ya unga. Gololi mbili zilikuwa zimeliwa mpaka zina vishimo.

Juu pazima, chini pameoza. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu, maana nilijua ni kazi ya nani.

Ulipotoka kuirusha Kigamboni, kesho yake ulikuwa na basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Dodoma. Ukaniambia, "Mama, niwekee mafuta kabla hujaifunga." Nikakujibu lala, nitafanya. Nami nilifanya kama ninavyofanya kwenye cherehani: nikafungua plagi, nikadondosha matone manne ya mafuta ya cherehani kwenye tundu, nikazungusha propela mara tatu, nikafunga. Nikajiona fundi. Matone yale yaliisaidia pistoni, na ndiyo maana huko juu ni pazima. Chini hayakufika hata moja.

Kwa nini hayakufika, nimeelewa baada ya kuishika vipande vipande. Zile injini ndogo za mipigo miwili huvuta mchanganyiko wa mafuta upitie tumboni kwanza, kwenye chumba cha krenki, ndipo upande silinda. Kila beringi inaoga. Hii ya kwako ya mipigo minne huvuta kwa juu, kupitia valvu, kama gari. Tumbo lake hupata mafuta kidogo tu, yale yanayopenya pembeni mwa ringi, na yanashuka yakiwa yameshaungua. Methanoli, ambayo ndiyo mafuta inayochoma, ikiungua huacha maji na asidi, na nitromethani inayochanganywa humo huongeza asidi yake. Vyote hivyo hukusanyika kwenye beringi ya nyuma. Ongeza hewa yetu ya Dar, ambayo hata chumvi ndani ya kopo hulowa. Ile chuchu ndogo ya kupumulia iliyo chini ya tumbo, ambayo mimi niliiona pambo, ndiyo mlango wa kuingizia mafuta huko. Nilikuwa nayo mbele ya macho yangu na nikaipita.

Kwa hiyo aliyeiua si wewe. Nimewaambia shangazi zako pia, wote watatu, mmoja mmoja.

Basi nikaitengeneza, na nataka ujue nilivyofanya, maana baadhi ya mambo utayarudia mwenyewe.

Ugando niliutoa kwa kulanti ya gari, ile dawa ya kijani ya rejeta. Nilivua raba zote kwanza, nikatumbukiza vipande vya chuma na alumini kwenye sufuria, nikaweka kwenye moto mdogo nje uani tangu asubuhi mpaka alasiri, bila kuchemka kwa fujo. Ugando ukalainika, ukatoka kwa mswaki. Kulanti ni sumu na ina utamu, kwa hiyo nilikaa pale na fimbo kuwafukuza paka wa jirani. Ile sufuria ndogo ya mpini mmoja haipo tena jikoni, usiitafute.

Beringi hazing'olewi kwa nyundo. Nilimwomba jirani anayeoka keki za harusi anipe oveni yake kabla hajaanza kazi, nikaweka tumbo la injini likiwa tupu, nyuzi 150. Alumini hutanuka kuliko chuma, ikaachia. Nikalitoa kwa glovu, nikaligonga mara moja tu kwenye ubao, beringi ya nyuma ikaanguka yenyewe. Ya mbele niliisukuma kwa kijiti cha mpingo. Jirani akauliza kama keki zake zitanuka dizeli. Hazikunuka, lakini nimemlipa kwa kumshonea mapazia.

Kisha maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo. Nilikwenda na beringi zote mbili kwenye karatasi.

"Ya pikipiki gani, mama?"

"Ya ndege."

"Ndege ipi, zile za uwanja wa Kipawa?"

Wakacheka duka zima. Nikamwambia muuzaji achukue vernia, kile kipimo chenye taya, apime: tundu la ndani, duara la nje, unene. Namba ya ubavuni ilikuwa imeliwa na kutu, vipimo havikuliwa. Akapima, akaacha kucheka, akapanda ngazi. Akashuka na vikasha viwili. Ya nyuma ilikuwa na vifuniko vya chuma pande zote, nami nikavitoa kwa ncha ya sindano ya cherehani, kwa sababu ile ya nyuma lazima iwe wazi ipate mafuta. Ya mbele niliiachia kifuniko cha upande wa propela ili mafuta yasitoke ovyo wala vumbi lisiingie. Beringi mpya zikalala friza usiku mzima, asubuhi tumbo likarudi oveni. Zilipokutana, ya baridi ilizama ndani ya yenye moto kwa uzito wake, kwa sauti ya "tk". Sijasikia sauti tamu kama ile tangu nianze ufundi.

Valvu zilinitoa jasho. Springi yake inashikwa na vipande viwili vya chuma, kila kimoja kama nusu ya punje ya mchele, na vikichomoka vinaruka. Nilifanya kazi yote mikono ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni angavu, masalia ya kabla ya marufuku ya Juni 2019, usimwambie mtu. Kimoja kiliruka kweli. Nilikiokota kwenye kona ya mfuko.

Halafu taimingi. Hapa, mwanangu, nilijiona niko nyumbani. Unajua cherehani ikiruka mishono mimi hutazama nini: sindano ishuke mpaka mwisho, ianze kupanda kama milimita mbili, hapo ncha ya ndoano iwe inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake. Ikiwahi au ikichelewa, uzi haushikwi. Injini yako ni neno lilelile. Krenki inazunguka mara mbili, kamshafti mara moja, na kila valvu ina wakati wake wa kufunguka. Kuna nukta imegongwa kwenye gia ya kamshafti. Nilikuwa nimeipiga picha kabla ya kuitoa, pistoni ikiwa juu kabisa. Lakini meno ya gia yale ni ya mshazari. Ukiiingiza nukta ikiwa mahali pake, ikifika chini imeshajizungusha na imepita. Mara ya kwanza nilikosea jino moja, ya pili nikakosea kwa upande mwingine. Ya tatu niliianza ikiwa imerudi nyuma kidogo, nikaiacha ijizungushe yenyewe, ikatua sawasawa na picha. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na chai imepoa.

Tapeti, yaani ule mwanya mdogo juu ya kila valvu, nimezipima injini ikiwa baridi, pistoni juu, valvu zote zimefunga. Bapa la kupimia la milimita 0.04 linapita, la 0.10 halipiti. Ukishairusha mara chache upime tena, vitu vipya hukaa.

Jumapili niliifunga kwenye ubao, kwenye benchi la uani, na propela ya inchi 12 kwa 6. Sikuwa na nitromethani. Niliwasha kwa methanoli na mafuta ya mbarika peke yake, nne kwa moja, na inakubali, ila mlio wa chini unayumba kidogo. Mbarika yenyewe isiwe ile ya nywele yenye marashi. Chupa ya methanoli nimeiandika SUMU pande zote mbili, kwani mdogo wako ana kiu ya kila chupa anayoiona, na hii hupofusha watu kabla ya kuwaua. Moto wake mchana hauonekani, kwa hiyo ndoo moja ya sebuleni ilihamia uani.

Kabla ya kuipa umeme niliizungusha kwa mkono. Ikagoma nusu njia. Ilikuwa imejaa mafuta juu ya pistoni, na mafuta hayabanwi. Ningetumia starta wakati ule, mkono wa pistoni ungepinda. Nikatoa plagi, nikaimwaga, nikaanza upya. Ilipiga teke moja kinyumenyume, nikashukuru kwamba nati za propela ni mbili. Kisha ikashika. Mlio wake ni wa chini, mzito, kama bodaboda inayopanda kilima ikiwa na abiria mmoja. Mama wa nyumba ya pili akauliza kama tumenunua jenereta.

Iliendelea tangi zima, mchanganyiko wake ukiwa na mafuta mengi kuliko kawaida makusudi, ili ringi na beringi zikae. Nilipomaliza niliiacha ingurume mpaka ikauke kabisa. Kisha mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki: kwenye kabureta, kwenye tundu la plagi, na kwenye chuchu ya chini kwa bomba la sindano, matone ishirini. Niliyahesabu. Nikaizungusha mpaka mekundu yakatokea mbele.

Iko kabatini, ndani ya kitambaa kilekile. Sindano ya kabureta, ile ya kuongeza na kupunguza mafuta, sijaigusa zaidi, hiyo ni ya sikio lako. Plagi iliyobaki ni moja tu, ya aina ya F, ile yenye waya wa platinamu. Ukija Desemba ulizia huko kama zipo, ulete mbili. Na uniambie mapema siku ya basi, nije stendi ya Magufuli kukupokea.

Mama yako